Furushi Lililobaki Nyumbani

Mwezi Mweupe, yaani sikukuu ya mwaka mpya, ukikaribia, nyumba ya kina Sarnai hunuka unga na nyama ya kondoo tangu asubuhi. Mwaka huo pia ilikuwa hivyo. Mama yake, Tungaa, alikaa mezani akisukuma donge la unga kuwa vipande vidogo vya duara. Sarnai, binti wa miaka kumi na miwili, aliweka nyama katikati na kubana kingo kwa vidole, mpaka kila buuz ikawa kama kifuko kilichofungwa mdomo. Mdogo wake, Bilgee, alizipanga kwenye sinia na kuzitoa nje kwenye roshani ili zigande. Ulaanbaatar wakati wa baridi hakuna haja ya friji.

"Dada, hii umeibana vibaya," Bilgee alisema. "Mdomo umepinda kama wa mtu anayepiga mluzi."

"Hiyo utakula wewe, mpiga mluzi."

"Hata kumi nitakula!"

Kufikia jioni buuz zilikuwa ngumu kama kokoto. Mama alizimimina kwenye mifuko ya kitambaa, zikawa zinagongana kwa kelele. Kesho yake wangesafiri kwenda mashariki, kwa Bibi Handaa, mama yake Baba. Ilikuwa lazima wafike kabla usiku wa mwisho wa mwaka haujaingia. Usiku ule kila mtu hutakiwa kuwa kwake, ameshiba, mlango umefungwa. Anayelala njaa usiku huo, husema wazee, atashinda njaa mwaka mzima. Bilgee aliliamini neno hilo kuliko yote aliyofundishwa.

Safarini kila mmoja alikuwa na kazi yake. Baba yao, Batsukh, alishughulikia gari. Mama alifunga zawadi na chakula. Sarnai alipanga mizigo kwenye buti, na kazi hiyo aliifanya vizuri kiasi kwamba Baba alikuwa ameacha kuikagua.

Kitu cha kwanza kuingia kwenye buti kilikuwa furushi la njiani. Lilikuwa blanketi zito la sufu, kubwa la kuwafunika watu wanne, na ndani yake mlikuwa na makoti mawili marefu ya ngozi ya kondoo, viatu vya sufu na mishumaa. Marehemu babu yao ndiye aliyelifunga mara ya kwanza. Lilinuka zizi, lilijaza nusu ya buti, na Sarnai hakukumbuka hata safari moja ambayo lilifunguliwa.

Mwaka huu Sarnai alikuwa na kitu chake. Shuleni, katika somo la useremala, alikuwa ametengeneza kigari cha mbao cha kuteleza kwenye theluji. Alikuwa amekipiga msasa mpaka kikang'aa. Binamu yake wa kule kwa Bibi aliwahi kumcheka mbele ya watoto wote, akisema watu wa mjini hawajui hata nyundo inashikwa upande gani. Basi mwaka huu angeona.

Alfajiri, kwenye baridi kali ya uani, Sarnai alijaribu kukiingiza kigari. Alikilaza, akakisimamisha, akakigeuza chali. Pamoja na furushi hakikuingia. Aliangalia mbingu. Nyota zilikuwa zinameta, hakuna hata wingu moja. Akalibeba furushi, akalirudisha kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, akafunga mlango.

"Nyuma kuko tayari?" Baba aliuliza, akikwangua barafu kwenye kioo cha mbele.

"Tayari, Baba."

Buti lilikuwa limejaa na limefungwa. Sarnai alijiambia kwamba hajasema uongo.

Jirani yao, mama mzee wa ghorofa ya chini, alitoka na ndala zake katika baridi ile ile, akiwa na kikombe cha maziwa. Aliwanyunyizia nyuma ya gari, kama anavyofanyiwa kila msafiri, ili njia yao iwe nyeupe, yaani ya heri. Sarnai alimwangalia kupitia kioo cha nyuma. Yule mama alisimama pale mpaka gari lilipokata kona.

Barabara ya lami ilikuwa nzuri. Waliimba, wakanywa chai ya maziwa yenye chumvi kutoka kwenye chupa, wakaimba tena. Kisha Bilgee akafungua mdomo.

"Baba, tutafika saa ngap..."

Mama aliuziba mdomo wake kwa kiganja. "Wewe mtoto! Nani anauliza hivyo njiani?"

"Nilitaka kujua tu."

"Njia haiulizwi. Ukiitajia saa, inakuchelewesha. Na baya halitajwi, maana ukilitaja umeliita. Kula peremende yako."

Sarnai alisikia, na moyo wake ukapata pa kujificha. Kwa kilomita nyingi alikuwa akijiuliza kama awaambie kuhusu furushi. Sasa alijiambia: nikisema hatuna blanketi, nitakuwa nimeita baridi. Mama mwenyewe amekataza. Afadhali ninyamaze.

Alasiri walifika njia panda. Lami iliendelea kuzunguka kwa mbali kupitia mji wa mkoa. Njia ya udongo ilikata moja kwa moja nyikani kuelekea kwa Bibi. Baba alisimamisha gari, akashuka. Upande wa kaskazini palikuwa na ukanda wa kijivu chini kabisa ya mbingu, mwembamba kama mkanda wa kiunoni.

Mama naye aliuona. Alimtazama Baba.

Baba aliupima ule ukanda kwa macho. Alizunguka nyuma ya gari, akapigapiga buti mara mbili kwa kiganja, kama mtu anavyompapasa farasi anayemtegemea. Kisha akarudi, akashika usukani na kuingia njia ya udongo.

Sarnai alikielewa kiganja kile. Baba alikuwa anasema: furushi lipo, hata likitokea la kutokea tutajifunika. Alitaka kusema "Baba, ngoja." Maneno yalifika kwenye meno, yakarudi.

Kwanza theluji ilikuja kama moshi mwembamba unaotambaa juu ya ardhi. Bilgee aliifurahia, akasema gari linaelea. Kisha ule moshi ukapanda hadi kwenye taa, ukapanda hadi kwenye vioo, na upepo ukaanza kulisukuma gari ubavuni. Muda si mrefu hapakuwa na mbingu wala nchi, palikuwa na weupe tu. Baba aliendesha pole pole, kichwa amekitoa dirishani. Hata hivyo gurudumu la mbele lilizama kwenye bonde dogo lililojaa theluji, na gari likainama upande.

Baba alichimba kwa koleo. Mama alisukuma. Sarnai naye alishuka akasukuma. Kila walichochimba, upepo ulikijaza tena. Simu zote mbili hazikuwa na mtandao.

Walirudi ndani, nyusi za Baba zikiwa nyeupe kama za babu.

"Basi," alisema, akijaribu kuchangamka, "leo tutalala hotelini. Vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma."

"Na chakula?" Bilgee aliuliza. "Baba, leo ndio usiku wa kushiba!"

"Mwanangu, tuna mifuko minne ya buuz."

"Zimeganda! Nimejaribu kulamba moja, ulimi umenata."

Hata Mama alicheka. Baba akaeleza mpango wake. Wangewasha injini kidogo kidogo ili kupata joto, na kila kabla ya kuiwasha yeye angetoka kuondoa theluji kwenye bomba la moshi, kwa sababu moshi ukikosa njia hurudi ndani na kuua watu wakiwa usingizini. Mafuta yalikuwa robo tangi tu, kwa hiyo usiku kucha wasingeweza kulitegemea joto la gari. Honi wasiiguse, betri ni ya kuwashia gari asubuhi.

"Giza likiingia tutafungua furushi la babu yenu," alimalizia. "Tutajikunja humo kama wana-kondoo. Watu walikuwa wanalala na sufu ile nje kabisa, sembuse garini."

Bilgee alikohoa. Alikuwa na kikohozi tangu juma lililopita. Mama alimvuta kifuani na kumfunga kwa skafu yake mwenyewe, shingo ya Mama ikabaki wazi.

Sarnai alitazama dirishani. Weupe ule ulianza kugeuka buluu. Mwanga ulikuwa unakwisha. Alijua jambo ambalo wengine wote hawakulijua, kwamba wanangojea joto ambalo halipo. Akinyamaza mpaka giza liingie, Baba atafungua buti, na hapo hapatakuwa na la kufanya tena. Aliiangalia shingo ya Mama.

"Baba," alisema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Furushi halipo."

"Halipo? Liko wapi?"

"Nililiacha nyumbani. Kwenye stoo. Niliweka kigari changu."

Baba aligeuka kitini akamtazama. Sarnai alingoja kufokewa, na alikuwa radhi kufokewa.

"Pale njia panda ulijua?" Baba aliuliza.

"Nilijua."

"Ungesema pale, tungepita lami." Baba alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Na ungesema usiku, sijui ningefanya nini. Umesema sasa. Sasa bado tunaona."

"Lawama zitangoja," Mama alisema. "Zenyewe hazigandi. Tufanye nini?"

Mpango wote ukageuka. Kama hakuna blanketi, basi hawawezi kukaa kimya kungoja asubuhi. Ni lazima waombe msaada wakati upepo bado unaweza kupeleka sauti kwenye makambi ya wafugaji wa nyika ile, na mwanga bado upo.

"Sarnai, njoo mbele. Bonyeza honi. Mara tatu ndefu, pumzika, mara tatu tena. Usiache."

"Na betri, Baba?"

"Betri haina thamani kwa watu walioganda."

Mama alifungua mkoba, akatoa kitambaa cha buluu cha hariri walichokuwa wanampelekea Bibi kwa heshima. Alikishika kidogo mikononi. "Mama Handaa atanisamehe," alisema, kisha akatoka kukifunga kwenye antena, kikawa kinapigapiga juu ya gari kama ndege aliyefungwa mguu. Baba naye alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye mlango, akaenda mpaka pale kamba ilipofika. Hakuona kitu. Akarudi, akajaribu upande mwingine. Hakuona kitu. Kuiacha kamba hakuthubutu. Mtu akiliacha gari katika dhoruba kama ile hupotea hatua chache tu kutoka mlangoni.

Sarnai alibonyeza honi. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Vidole vilikufa ganzi, akatumia kiwiko. Sauti ya honi ilianza kuwa nyembamba. Ndipo Bilgee aliporuka kitini.

"Mnyama!"

Kichwa kikubwa cheusi, chenye theluji puani, kilikuwa kimegandamana na kioo. Kikabweka. Bilgee alipiga kelele kwa nguvu zake zote, neno ambalo kila mtoto wa nchi ile hulijua, linalosemwa na mgeni anapokaribia mlango wa watu:

"Shikeni mbwa!"

Na kutoka ndani ya ule weupe, sauti ya mwanamke ikajibu kama inavyopasa:

"Nimeshamshika! Karibuni! Ila nyumba yenyewe ipo nyuma ya kilima!"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mwenye sauti alikuwa mwanamke wa umri wa bibi, juu ya ngamia mwenye manyoya marefu, amejifunga mpaka yakabaki macho tu. Jina lake Dejid. Alikuwa ametoka kumsaka kondoo mmoja aliyeachwa na wenzake, na alikuwa amempata, amemweka mbele yake kwenye tandiko.

"Nilisikia honi nikasema, lo, ngamia wangu leo amepatwa na mafua," alisema. "Mna bahati. Bila kondoo huyu ningekuwa nimeshafunga mlango, na upepo unageuka. Haya, watoto kwanza. Huyu mdogo atakaa wapi?"

"Tuna kigari," Sarnai alisema.

Alikitoa kwenye buti. Bilgee alikaa juu yake pamoja na mfuko wa buuz. Wakashika kamba wote, ngamia mbele, mbwa ubavuni, wakapanda na kushuka kilima wasichokiona, mpaka mlango wa hema la sufu ukafunguka ukatoa mwanga wa njano.

Mume wa Dejid, mzee Gonchig, hakuuliza wao ni nani wala wanatoka wapi. Alimvua Bilgee viatu na soksi. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama samaki. Mzee alifungua koti lake, akaiweka ile miguu tumboni mwake mwenyewe, kwenye ngozi, akafunga koti juu yake. Alikunja uso kwa ile baridi, kisha akatabasamu.

"Mmepitisha baridi salama?" ndipo akasalimia. "Mifugo imenona?"

"Salama, mzee," Baba alijibu. "Mifugo yetu ni hawa wawili tu."

"Huyu mmoja kakonda. Tutamnonesha leo."

Dejid alichochea samadi kavu, kuni za nyikani, jikoni, akawamiminia chai. Sarnai aliona kwamba bakuli lililojaa zaidi alipewa Mama, na kwamba Dejid alimvisha skafu yake mwenyewe shingoni. Buuz zao ziliingia kwenye mvuke pamoja na za wenyeji. Vipande vya barafu safi vilikuwa vimewekwa juu ya mlango, kama ilivyo desturi ya mwaka mpya. Wote wakala mpaka Bilgee akaomba ruhusa ya kulegeza mkanda.

"Bado kuna ile yenye mdomo uliopinda," Sarnai alimwambia.

"Siwezi, dada. Mwaka huu sitaona njaa hata nikitaka."

"Wageni usiku huu ni heri," mzee Gonchig alisema. "Watoto wetu barabara imewazuia mjini. Tulidhani tutashiba wawili tu."

Sarnai hakucheka sana. Dejid alipokwenda kuongeza samadi jikoni, alimfuata, akamsimulia yote kwa sauti ya chini: furushi, kigari, neno "tayari", njia panda. "Nilinyamaza kwa sababu baya halitajwi njiani," alisema. "Mama alikuwa amekataza."

Dejid alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika bega. "Nenda ulale, mwanangu. Neno langu litasubiri jua."

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa. Nyika yote ilimeta chini ya jua la mwaka mpya. Watoto waliwasalimia wenyeji kama inavyopasa siku hiyo, mikono yao ikiwa chini ya viwiko vya wazee. Kisha ngamia na wanaume wawili wakalivuta gari kutoka bondeni. Ile betri iliyochoka ilifufuliwa kwa ile ya pikipiki ya mzee Gonchig.

Wakati huo Sarnai alimwona Dejid akibeba nyasi kavu mgongoni, mzigo baada ya mzigo, kupeleka zizini kupitia theluji iliyofika magotini. Alimtazama akienda na kurudi. Halafu alikwenda kwenye hema, akakikokota kigari chake hadi kwenye nyasi.

"Bibi, jaribu hiki."

Walipakia mizigo mitatu kwa pamoja. Kigari kiliteleza kama samaki majini.

"Nani amekitengeneza?" Dejid aliuliza, akipapasa mbao.

"Mimi."

"Mkono wako mzuri. Nitakurudishia baada ya kulisha."

"Usirudishe," Sarnai alisema. Alisikia uchungu kidogo akisema hivyo, maana binamu yake sasa asingekiona. Lakini uchungu ule ulipita upesi. "Nyasi zako bado ni nyingi."

Dejid aliingia ndani, akatoka na blanketi la sufu limeviringishwa na makoti mawili ya ngozi. "Na ninyi chukueni hili mpaka mfike. Mtalirudisha mkipita. Ila unajua, chombo cha watu hakirudishwi kitupu."

"Najua, Bibi."

Baba alifunga mlango wa mbele, akauliza kama kawaida yake, "Nyuma kuko tayari?"

Sarnai alifikiri kabla ya kujibu. "Baba, njoo uangalie. Blanketi lipo, makoti yapo, koleo lipo. Viatu vya sufu hakuna, na mshumaa ni mmoja tu ambao mzee Gonchig ametupa."

Baba alikuja akaangalia. Aliinama, akakaza kamba moja, akamwekea Sarnai mkono kichwani. Hakuuondoa upesi.

Dejid alikuwa amesimama na bakuli la maziwa mkononi. "Sasa nitasema lile neno," alisema. "Bilgee, na wewe sikia. Wazee walikataza kuita baya njiani, nami nalikataza pia. Lakini kusema kweli si kuita baya, wanangu. Baya lilishapanda gari na ninyi tangu nyumbani, pale furushi lilipoachwa. Sarnai alipolitaja ndipo baba yenu akajua pa kulishika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dada yako alichelewa kusema, na kuchelewa kule kuliwagharimu njia nzuri. Lakini alisema kabla mwanga haujaisha, na honi niliisikia kwa sababu hiyo. Ukikosea, sema. Ukichelewa kusema, sema hata hivyo."

"Ndiyo, Bibi," watoto waliitika.

Waliingia garini. Mama alikifungua kile kitambaa cha buluu kwenye antena. Ncha yake moja ilikuwa imechanika. Akakikunja kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka mkobani. Bibi Handaa angeelezwa kila kitu, pamoja na mchaniko ule.

Gari lilipoanza kwenda, Bilgee alisogea mbele. "Baba, tutafika saa..."

"Bilgee!" wote watatu walimkemea kwa pamoja, kisha wakaangua kicheko. Nyuma yao Dejid alikuwa akinyunyiza maziwa juu ya alama za magurudumu, nyeupe juu ya nyeupe, na Sarnai alimpungia mkono mpaka kilima kilipomficha.